Jina Lililoitwa Dirishani

Benki yetu ya serikali imesherehekea miaka yake mingi na imejichapishia kijarida cha historia. Nimekisoma chote nikiwa kwenye foleni ya benki hiyo hiyo pale Korogwe, kwa hiyo muda wa kusoma niliupata wa kutosha na wa kusinzia ukabaki. Karatasi zake zinang'aa. Kuna picha za wakubwa wakikata utepe, picha za wakubwa wakipeana mikono, na picha moja ya mkulima anayecheka na simu yake katikati ya mahindi yaliyomzidi kimo. Sisi wa Handeni mahindi ya namna hiyo huwa tunayaona kwenye vijarida. Wanasema benki imekua pamoja na wananchi. Sikatai. Nataka tu kuongeza mambo machache ambayo mpiga picha hakuyakuta, maana mmoja wa wananchi hao ni mama yangu, na alijiunga nao benki ilipokuwa bado na magurudumu.

Nasema magurudumu kweli. Benki zilipotaifishwa, serikali iliona haya kusikia kwamba wakulima wake wanafukia fedha chini ya mafiga. Ikaleta gari. Lilikuwa Land Rover lenye karani mmoja, askari mmoja, sanduku la chuma na meza ya kukunja, na lilifika kijijini kwetu Kwedizinga siku za gulio, kama mvua haikunyesha, kama daraja lilikuwepo, na kama karani hakuwa na msiba. Meza ilitandikwa kwenye baraza la ghala la ushirika. Hilo ndilo lililokuwa tawi letu. Mwenyekiti wa kijiji alitangaza kwamba kufungua akaunti ni hiari ya kila mtu, na kwamba atakayekosa kuwa na hiari ajieleze kwake.

Babu yangu mzaa baba hakuamini karatasi, ila aliamini maneno ya mwenyekiti. Baba alikuwa anakata mkonge kwenye shamba la upande wa Korogwe, hayupo. Basi babu akamtuma mkwewe, yaani mama, binti wa miaka kama ishirini mwenye mtoto mgongoni, akaweke fedha za mahindi. Na kwa kuwa hakuamini karatasi, akasimama nyuma yake kwenye mstari aone zinakokwenda.

Karani alikuwa mtu wa mbali, kijana msafi wa soksi ndefu. Akamuuliza mama jina lake, jina la mumewe na jina la baba wa mumewe, kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi tatu na serikali haipendi nafasi tupu. Sasa hapo ndipo serikali ilipokutana na Wazigua. Mwanamke wa kwetu hatamki jina la baba mkwe. Hata akikutana na mtu mwingine mwenye jina hilo, humtafutia jina la kando. Na huyu mkwe alikuwa hapo hapo, anampumulia kisogoni. Mama akainama. Karani akarudia swali kwa sauti, akidhani huyu ni kiziwi. Watu kwenye mstari wakaanza kutazama mbingu. Mwishowe mama akasema jibu pekee ambalo mwanamke mwenye adabu angeweza kulitoa mahali pale: "Andika Mama Fulani." Si Fulani, bila shaka. Alitaja jina la yule mtoto aliyekuwa mgongoni, mtoto wake wa kwanza.

Jina lenyewe siliandiki hapa. Nina sababu, na sababu hiyo nimepewa na benki, nitaifikia.

Karani akaandika alichoambiwa, akachukua kidole gumba cha mama, akakichovya wino, akakibandika. Akampa kitabu kidogo cha jalada gumu kilichoandikwa jina hilo kwa mwandiko wa madaha. Hakuna aliyeona kosa. Mama aliitwa hivyo na kijiji kizima, na kijiji kizima hakikuwa kimejua kama ana jina jingine. Kabla mahindi ya msimu uliofuata hayajavunwa, surua ikapita. Yule mtoto akafa.

Hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Hakuwa na picha. Kaburi lake liliwekwa mawe, na mawe ya Kwedizinga yanafanana yote. Mimi nilizaliwa baadaye, na watu, kwa huruma yao, wakaanza kumwita mama kwa jina langu ili wasimtoneshe kidonda. Walifanya vizuri mno. Nilikua nikijua kwamba mimi ndiye mtoto wa kwanza, na nilijivuna kwa cheo hicho kama mtu aliyekifanyia mtihani.

Benki nayo ilikuwa inakua. Magurudumu yakaonekana ni ushamba, ikapewa jengo Korogwe mjini, jirani na reli. Sefu ilikuja kwa treni na ikavutwa kutoka stesheni kwa trekta la shamba la mkonge, watu wazima wakikimbia pembeni kama watoto. Ilipofika mlangoni ikawa pana kuliko mlango. Wataalamu walikuwa wamepima sefu, na walikuwa wamepima mlango, ila hawakuwa wamepima siku moja. Ukuta wa mbele ukabomolewa, na kwa wiki mbili benki ya taifa letu changa ilikaa wazi kama kibanda cha kuuzia ndizi, ikilindwa na mgambo mwenye rungu. Hakuibiwa mtu. Kijarida hakina picha ya ukuta huo, na mimi naona wamejinyima bure, maana uaminifu kama ule hawajaupata tena.

Mama alikwenda Korogwe mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno. Alivaa kanga zake mpya, akafunga kile kitabu kwenye kitambaa, akaondoka na vijisenti ambavyo nauli tu ilikaribia kuvila. Kutoa, hakutoa. Hata mwaka ule wa njaa tuliokula ugali wa muhogo mchungu mpaka matumbo yakalalamika, baba alipomwambia akachukue kilichopo, alijibu kwamba kitabu kile si cha kutolea. Baba alikasirika. Mimi nilikasirika zaidi, kwa kuwa tumbo lilikuwa langu. Nilidhani mama ni bahili. Kwa miaka nilidhani hivyo, na nasema kwa aibu.

Nilipokuwa darasa la tatu akanichukua. Nakumbuka ukumbi wenye mabenchi, na dirisha la nondo, na nyuma ya nondo keshia mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Utaratibu wa siku zile ulikuwa rahisi, kwa hiyo lazima ulikuwa wa kizamani: unapenyeza kitabu chako dirishani, unakaa, na keshia akimaliza kuandika anakuita jina. Alikuwa na sauti ya muadhini, mzee yule, ingawa nilikuja kujua kwamba alikuwa anaimba kwaya. Akaita, "Mama..." na jina ambalo sikuwahi kulisikia kwetu. Mama akaruka. Sijawahi kumwona akiinuka haraka vile.

Nikamvuta kanga. "Mama, si wewe huyo."

"Ni mimi," akasema, na akaitikia "Abee!" kwa sauti iliyojaa ukumbi, kama msichana aliyeitwa na mtu anayempenda.

Alipotoka dirishani tulikaa nje kungoja lori la kurudi. Akaninunulia chungwa, akalimenya lote bila kukata ganda, kisha akasema: "Ulikuwa na dada. Alikwenda na surua." Akanipa chungwa. Nikataka kuuliza, nikamtazama, nikala. Hatukulizungumza tena jambo hilo kwa zaidi ya miaka arobaini. Ila tangu siku hiyo nilijua mama anafuata nini Korogwe. Watu wengine wanakwenda benki kuweka na kutoa. Yeye alikuwa na mahali pamoja tu duniani ambapo bado aliitwa kwa jina la mtoto wake, kwa sauti kubwa, na mtumishi wa serikali, mbele ya watu. Kama angetoa fedha zote, akaunti ingefungwa, na jina lingekwenda nayo.

Benki ikaendelea kukua, masikini. Ikapata hasara kubwa kwa kuwakopesha wakubwa ambao hawakuwa na tabia ya kurudisha, ikapakwa rangi mpya, ikabadilishiwa nembo, wakaja washauri wenye tai wakaikatakata na kuiunga, ikabaki ya serikali vile vile. Yule keshia wa kwaya alistaafishwa kwa cheti na saa ya ukutani. Zikaja kompyuta. Vijana wa mjini wakahamisha majina kutoka vitabuni kwenda kwenye mashine, na mashine, kwa kuwa imesoma sana, ikaamua kwamba jina la kwanza la mama yangu ni Mama. Tukaanza kupata barua: Mpendwa Mama. Nilidhani kwa muda benki imekuwa na adabu.

Kisha ikaja ile mashine ya mlangoni inayotema vikaratasi. Nilikuwa nimeshastaafu ualimu na kuhamia Korogwe, kwa hiyo mama alifikia kwangu akaenda benki peke yake, kama kawaida yake. Aliingia saa tatu asubuhi. Mlinzi akambonyezea mashine, akampa kikaratasi. Mama hajui kusoma. Akakishika mkononi kwa heshima, akakaa kwenye viti vya chuma vyenye baridi, akajifunika kanga ya pili kwa sababu ya ule upepo wao wa kununua, akangoja aitwe. Kutoka darini sauti ya mwanamke asiyekuwepo ilikuwa inataja herufi na namba, dirisha na namba. Namba yake iliitwa, ikapita. Saa nane mchana nilimfuata, nikamkuta bado amekaa, amenyooka.

"Hawajaniita," akaniambia.

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akakikunja kikaratasi, akakifunga penye pindo la kanga, akasema twende nyumbani. Hakuweka zile fedha. Mwaka uliofuata hakwenda, na mwaka wa pili hakwenda. Nilipomuuliza akasema miguu inamuuma, na wiki hiyo hiyo alitembea mpaka shamba la pili kuangalia mihogo.

Benki nayo haikumwacha. Ikatuma ujumbe kwenye simu: Mpendwa MAMA, akaunti yako imelala, fika tawini na kitambulisho cha taifa, vinginevyo itafungwa. Nikamsomea.

"Imelala?" akauliza. "Na hiyo imechoshwa na nini?"

Alicheka kidogo, kisha hakucheka. Akaniuliza wakifunga wanafanya nini na jina. Nikasema sijui, nadhani wanalifuta. Kesho yake alfajiri alikuwa amekwisha kuvaa.

Safari ile ya mwisho ilitanguliwa na nyingine nne, kwa sababu kitambulisho cha taifa kina majina yake matatu ya kweli, likiwemo la babu, yule mkwe wake, ambaye Mungu amrehemu, sasa anaweza kutajwa na karani yeyote. Kitabu cha benki kina jina jingine. Kwa hiyo tulitakiwa kuleta barua ya mtendaji wa kijiji, picha mbili, na hati ya kiapo kwamba hawa wawili ni mtu mmoja. Wakili akaiandika kwa Kiingereza chote alichokuwa nacho. Alipomtafsiria mama kwamba anaapa kuwa yeye ndiye Mama Fulani, mama alimkazia macho. "Hilo nalo linahitaji kuapa?" akasema. Wakili akasema ndiyo, na akataja ada.

Siku ya siku tukaketi mbele ya binti wa huduma kwa wateja, mrembo, mpole, mwenye kucha ndefu zilizokuwa zinajitahidi kwenye kibodi. Akatuamkia vizuri. Akazisoma karatasi zetu zote, akatabasamu kwenye skrini.

"Bibi, nimekurekebishia. Sasa umekuwa na jina lako kamili."

"Na lile jingine?" mama akauliza.

"Lile lilikuwa kosa, bibi. Nimeliondoa."

"Sasa mtakuwa mnaniitaje?"

"Siku hizi hatuiti majina, bibi. Tunaita namba." Alisema kwa furaha, kama anatoa zawadi. Kisha akanyoosha mkono. "Naomba na kitabu. Vitabu tumeviondoa kwenye huduma. Kinatobolewa, kinabaki kwetu."

Mama akakishika kitabu kwa mikono miwili. Nami nikawaka. Nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na tatu na sauti ya kuwaka ninayo. Nikamwambia binti wa watu kwamba benki iliyoshindwa kupitisha sefu yake mlangoni haina ubavu wa kumfundisha mama yangu kosa ni nini. Hakujua sefu gani, maskini. Hakuwa amezaliwa, pengine hata mama yake alikuwa chekechea. Meneja akatoka, akasikiliza, akasema pole, akasema utaratibu. Nikamwambia utaratibu wao naujua tangu ukiwa na magurudumu. Akasema pole tena. Mtu akikupa pole kwa ustadi namna ile, hasira inakosa pa kushika.

Ni mama aliyekata shauri. Alikifungua kitabu kwenye ukurasa wa kwanza, akapitisha kidole juu ya jina ambalo hajui kulisoma ila anajua liko wapi, akakifunga, akampa binti. "Chukua, mwanangu," akasema. "Una kazi yako." Mashine ndogo ikakitoboa. Nililia pale pale, mwalimu mzima, mbele ya foleni ambayo huenda nusu yake niliifundisha mimi.

Binti akaniletea karatasi laini, akarudi kwenye skrini kwa haraka ya mtu anayetaka wageni waondoke. "Bado kitu kimoja tu. Swali la siri. Bibi akipiga simu huduma kwa wateja, watamuuliza swali hili wahakikishe ni yeye. Jina la mtoto wake wa kwanza?" Akanitazama mimi, vidole vimekaa tayari. "Ni wewe, mama?"

Nikafungua mdomo. Ndivyo nilivyojibu maisha yangu yote, kwenye fomu zote, kwa majirani wote. Mama akaniwekea kiganja gotini.

"Siyo huyu," akasema. "Huyu ni wa pili."

Akalitaja. Hakunong'ona. Alilitaja kwa sauti ile ya "Abee", na watu wa viti vya chuma wakageuka. Binti akaomba herufi. Mama hana herufi, kwa hiyo nilizitoa mimi, moja baada ya moja, nikiwa na umri wa bibi, na ndipo nilipogundua kwamba sikuwahi kulitamka jina la dada yangu kwa kinywa changu hata mara moja.

"Asanteni," akasema binti. "Ila bibi, tafadhali sana, jina hili msimwambie mtu yeyote. Ni siri ya benki."

"Sawa," mama akajibu. "Nimezoea."

Ndiyo maana siliandiki. Sitaki kuitia hasara benki ya taifa.

Mama yuko kwangu siku hizi, miguu sasa inauma kweli. Mara moja kwa mwezi, baada ya chai ya asubuhi, ananiambia nimpigie wale wa benki. Nabonyeza moja kwa Kiswahili, nabonyeza nne, naweka sauti kubwa, tunasikilizishwa muziki na kuambiwa kwamba simu yetu ni muhimu sana kwao, maneno ambayo, kwa mara ya kwanza katika historia ya benki hiyo, ni kweli upande mmoja wa simu. Halafu tunaambiwa kwamba mazungumzo haya yanarekodiwa. "Afadhali," husema mama. Anajiweka sawa kanga. Kijana wa Dar es Salaam anauliza jina la mtoto wake wa kwanza, na mama anamwambia.

"Sahihi kabisa, mama," kijana anasema. "Nikusaidie nini leo?"

"Basi, mwanangu. Ahsante," mama anamjibu, na ananirudishia simu nikate. Salio hajawahi kuuliza.